Kikombe Nilichokiweka Chini

Watu wazima huniambia kisasi hakimshibishi mtu. Mimi kilinishibisha, na utamu wake ninao mdomoni mpaka leo.

Ujanani nilifanya kazi kwenye gereji ya binamu wa baba yangu, pale Wadi Kabir, huku Uarabuni. Nilimwita Ami, kama tulivyofundishwa kumwita ndugu wa baba. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, kwa sababu kila mahali pengine palikuwa na mengi zaidi ya kutazama, na gereji ilikuwa na mengi: magari, pampu za maji, mashine za boti zilizopasuliwa matumbo. Siku moja mashine ya boti ya mteja ikatoweka. Ami akaenda polisi akanitaja mimi. Ni mimi niliyefunga gereji jioni ile, na nilikuwa na sifa ya kutotulia. Nikafungwa. Nilipotoka, baba hakunitazama usoni, na akafa kabla hajanitazama tena.

Nikatanga. Sohar, Sur, Salala. Nikipakia mizigo, nikilinda ghala la tende, nikiuliza watu maswali mpaka wakanichoka. Huko Yiti, nikinunua samaki ufukweni, nikaiona ile mashine nyuma ya boti. Mfuniko wake niliupaka rangi mimi mwenyewe, kwa kijani iliyobaki tulipopaka mlango wa choo cha gereji. Haikuwepo mashine nyingine duniani yenye rangi mbaya kama ile. Nikamuuliza mwenye boti kaipata wapi.

"Kaniuzia shemeji yangu, ana gereji Wadi Kabir," akasema, akaendelea kukunja nyavu. Hakunijua, wala hakuwa na habari ya lolote.

Nikasimama pale mchangani, samaki wangu wakaharibika kwa jua. Kwenda polisi? Neno langu lilikuwa neno la mwizi. Nikalimeza.

Miaka ilipita, nikachoka kutanga kwa magari ya wenzangu, nikataka teksi yangu. Teksi ni kazi ya mtu asiyetulia kama mimi: unalipwa kwa kutotulia. Lakini kibali cha teksi hakitolewi kwa mwenye jinai kwenye faili lake. Nikaambiwa iko njia: unaomba mahakamani urudishiwe itibari, jina lako lisafishwe kama kwamba hukufungwa.

Karani wa mahakama, mtu mpole mwenye mafua yasiyokwisha, alisoma ombi langu. "Muda umetimia, mwenendo wako mzuri. Lakini hakimu huyu hupenda kumsikia aliyekushitaki. Akija akasema hana dai tena, na mali ilipatikana, utatoka msafi."

"Na asipokuja?"

Akapenga kamasi. "Utangoja."

Nikamwendea Ami gerejini. Alicheka mbele ya mafundi wake. "Itibari? Ulikuwa nayo lini hata urudishiwe?"

Nilikwenda zangu nikitabasamu. Ndani nilikuwa nachemka kama birika.

Mkewe ndiye aliyenipa silaha, bila kujua. Alikuwa akinipenda tangu nikiwa mdogo, na nikipita kwao mchana Ami hayupo alinilisha jikoni. "Ijumaa tuna wageni, watu wa Nizwa," akanambia. "Wanakuja kuzungumza harusi ya mwanetu. Ami yako kanunua khanjari mpya ya kuvaa kiunoni. Kutwa yuko mbele ya kioo anafunga kilemba, anasema Kiarabu peke yake."

Ni lazima nieleze. Sisi tuliorudi kutoka Unguja tulikuwa tukiitwa Wazinzibari, na wengine tulicheka. Ami jina hilo lilimwasha kama upele. Alitaka watu wa bara, kama hao wa Nizwa, wamwone Mwarabu kuliko wao. Na huko bara nilikopita nikitanga nilijifunza jambo ambalo kwetu halikuwepo. Kwetu mtu huomba huku akitafuna halua. Kwao, mgeni mwenye haja nzito hupokea kikombe cha kahawa, akakiweka chini bila kukinywa. Mwenye nyumba hawezi kukiacha kipoe. Muungwana wa kweli humwambia anywe, haja yake imekubaliwa, kabla hata hajaisikia.

Ijumaa, baada ya sala, nikaingia sebuleni kwa Ami na kanzu safi. Wageni walikuwa wamekaa kwenye zulia, mzee wao katikati. Ami hakuweza kunifukuza. Jamaa ni jamaa. Mwanawe akanimiminia. Nikakipokea kikombe, nikakiweka chini mbele yangu, nikaondoa mkono.

Mzee wa Nizwa akakitazama kikombe, kisha akamtazama Ami. Wote wakamtazama Ami.

Namjua. Alidhani nataka kukopa. Akatoa kifua, na kwa Kiarabu cha kwenye kioo akatangaza, "Kunywa kahawa yako, mwanangu. Haja yako imepita!"

"Allah akuzidishie," akasema mzee, ameridhika.

Ami akaniinamia akanong'ona kwa Kiswahili, "Mwanaharamu we, wataka pesa ngapi?"

Nikanywa mpaka tone la mwisho. Kisha nikajibu kwa Kiarabu, kwa sauti ya kufika mlangoni: "Sitaki pesa, Ami. Nataka kesho twende mahakamani, umwambie hakimu huna dai nami, na ile mashine uliyonifungisha kwayo ilipatikana."

"Mashine gani?" akauliza mzee.

Ami akakiweka sawa kilemba chake.

"Ilipatikana wapi?" mzee akaendelea, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Nilikuwa na jibu. Sikulitoa. Nilitaka litoke kwake.

"Kwa... kwa shemeji yangu," akasema hatimaye. "Yiti."

Wageni wakainamia vikombe vyao. Mimi nikanyoosha changu kwa kijana aniongeze, nikanywa cha pili, nikanywa cha tatu, ndipo nikakitikisa kuonyesha nimetosheka.

Kesho yake alikuja. Neno mbele ya wageni wale hakuthubutu kulivunja. Hakimu akamuuliza, akajibu, sauti yake ikisikika kwa shida. Hakimu akamwambia arudie. Akarudia. Nikarudishiwa itibari yangu, na baadaye kibali changu.

Ukumbini akanishika mkono. "Basi, mwanangu, yamekwisha baina yetu?"

"Mahakamani yamekwisha," nikamwambia.

Harusi ilifungwa, sikualikwa. Gereji baadaye aliihamishia mtaa wa Ghala, labda kwa biashara, labda kwa ajili yangu. Ghala abiria ni haba, mafuta yanakwenda bure. Bado kila asubuhi napeleka teksi yangu kule, napunguza mwendo mbele ya mlango wake, napiga honi, natoa kichwa dirishani: "Assalamu alaykum, Ami!"

Salamu ni faradhi kuijibu, na mafundi wake wanatazama. Anajibu. Ndipo naenda kutafuta abiria.