Nilimuua jirani yetu kwa karatasi ya redio

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Humu mimi nasoma tu, siandiki. Niliishia shule ya msingi na mkono wangu ni mzito, mnivumilie. Haya yalitokea kweli, na mkosaji ni mimi.

Ni wakati watu walikuwa wanakimbia vita upande wa Eringeti. Jirani yetu Paluku alikuwa huko kwenye shamba lake la kakao. Siku tatu simu yake haikupitika. Mdogo wake Muhindo akaenda Beni kumtafuta, hospitali kwa hospitali.

Mama yao akanituma kwenye redio ya mtaa.

"Kasereka, peleka komunike. Useme Paluku hatumuone. Mwenye atamuona, atujulishe."

Kwa wasiotujua: redio zetu ndogo, zinazosikika mpaka Beni na pembeni yake, husoma komunike, yaani matangazo ya watu, saa sita mchana na jioni. Mbuzi aliyepotea, mkutano wa wamama wa kanisa, kilio cha msiba. Ikisomwa, kwetu imekwisha kuwa kweli.

Sekretere, karani wa redio, akanipa karatasi ya kujaza. Ilikuwa na nafasi mbili: jina la marehemu, mahali pa kilio.

Niliona siyo yenyewe. Nilitaka kuomba nyingine, sauti haikutoka. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga mstari, na mimi bado niko kwenye herufi ya tatu.

"Petit, weye mtoto, unaandika Biblia nzima?" mmoja akasema. Wakacheka wote.

Nikajaza jina la Paluku na nyumba ya mama yake, mbiombio, ili nitoke.

Sekretere akasoma. "Pole sana, papa. Maiti ilionekana?"

Nikainamisha kichwa. Ndivyo ninavyofanya nikiulizwa na mtu nisiyemzoea. Yeye akaona ni ndiyo. Akapiga muhuri.

Njiani nilijiambia nitarudi kusahihisha. Sikurudi.

Nilipofika, saa sita ilikuwa imepita. Mama yake Paluku alikuwa chini, amezungukwa na wamama.

"Kasereka," akaniuliza, "redio ilipata habari wapi?"

Nikainamisha kichwa tena.

Sasa hapa, wakuu, ndipo naona haya kuliko pote. Jioni waliisoma tena, na mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Nilijua nani aliandika. Lakini ile sauti nzito ya mtangazaji ilinishinda. Nikadhani labda wao walipata habari zao.

Muhindo akaisikia huko Beni. Akaacha kutafuta, akarudi kulia.

Siku ya nne ya kilio akaja kijana wa pikipiki kutoka Mangina. "Paluku iko muzima," akasema. "Muguu ilivunjika mu kukimbia vita, iko ku kituo ya afya. Anaomba chakula."

Siku hizo matapeli walikuwa wanazunguka kwenye vilio na hadithi kama hizo. Watu wakatazamana. Na mimi, nisiyesema mbele za watu, nikawa wa kwanza:

"Muongo! Redio ilisema!"

Kwa kuwa sisemi hovyo, waliniamini. Wakamfukuza.

Paluku alilala siku sita zaidi bila ndugu, na huku kwetu mgonjwa hulishwa na ndugu zake. Wagonjwa wenzake walimgawia ugali. Mwishowe alirudi juu ya gari la kakao, mguu umeanza kuunga vibaya. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili.

"Komunike yangu niliisikia kwa redio ya muganga wa kituo," alituambia. "Nikasema, huyo ni mimi! Bagonjwa bakacheka: marehemu, mbona weye iko na njaa hivi?"

Watu wakaenda kumtukana sekretere, wakisema alichanganya komunike. Akafukuzwa kazi. Mtaa mzima ukasema redio ni waongo. Nikanyamaza.

Juzi Paluku alipita kwetu na fimbo yake. Akaketi.

"Kasereka, mimi redio nimeacha. Habari yoyote, nitaisikia kwako. Weye hausemake uongo."

Nikainamisha kichwa.

Nilichojifunza: ukiambiwa redio imesema, au simu imesema, uliza ni nani alimuona huyo mtu kwa macho yake. Mara nyingine nyuma ya sauti nzito kuna mtu mmoja aliyeogopa kuomba karatasi nyingine.

Haya nimeyaandika kwa siku tatu. Kesho baada ya misa nitampa Paluku simu asome mwenyewe, maana mdomo wangu naujua. Kisha nitamtafuta sekretere.

Au nianze na sekretere? Nishaurini, wakuu. Na mkitaka kunitukana, ni haki yenu.