Klachi ya Gari la Michezo

Mbaruku alizaliwa Kerenge, akakulia kwenye jembe. Ufundi wa magari aliupata katika karakana ya shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, chini ya meneja Mgiriki aliyetukana kwa lugha tatu lakini hakuwa mchoyo wa ujuzi. Mashamba yalipotaifishwa, meneja alirudi kwao, akaacha gari lake dogo jekundu, la viti viwili. Karani aliyeandika orodha ya mali aliuliza hilo ni gari la namna gani. Akaambiwa ni gari la michezo. Basi likapelekwa ofisi ya michezo.

Ofisa wa michezo, Ndugu Yordani, alilipokea kwa hotuba. Timu ya mpira ilikuwa na wachezaji kumi na mmoja, na kando ya dereva palikuwa na kiti kimoja tu. Kwa hiyo gari likawa linabeba mpira, na wachezaji wakawa wanalifuata kwa miguu.

Ndugu Yordani aliendesha huku mguu wa kushoto umepumzika juu ya pedeli ya klachi tangu anapoondoka mpaka anapofika. Mwaka 1973 klachi ikakataa. Injini ilinguruma, gari likasimama palepale, na harufu ikatoka kama ya pembe iliyoungua.

Mbaruku aliitwa, akafungua. Pleti ya klachi ilikuwa imelika ngozi yake mpaka kwenye ribiti, zile pini za shaba zinazoishika, na ribiti zilikuwa zimechora mistari kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hulibana ili gari liende. Akafuatana na Ndugu Yordani hadi dukani kwa Amirali, muuza vipuri wa mjini.

"Iko njia tatu," alisema Amirali. "Ya kwanza, klachi na flaiwili kama zile zilizotoka na gari. Hizo mpaka ziagizwe Uingereza, na kibali cha fedha za kigeni mtangoja. Ya pili, hii hapa nyepesi, imetoka kwenye gari la mashindano lililopinduka. Injini itapanda haraka, lakini kuondoka itakurusha kama punda. Ya tatu ni hii ya lori. Nzito."

Mbaruku alifungua kinywa, lakini Ndugu Yordani alimwahi. "Zamani za mtu mmoja kuamua zimepita. Tutaunda kamati."

Kamati ilikuwa na wajumbe tisa. Hakuna aliyewahi kuendesha gari, ila mmoja alikuwa amepanda trekta. Flaiwili mbili ziliwekwa mezani, meza ikapinda. Ile nyepesi ilikataliwa mapema, kwa kuwa kukimbilia mbele peke yako ni tabia ya kibepari. Ya Uingereza ikaonekana ni kurudi kwa mkoloni kuomba. Ya lori ilisifiwa sana: imebeba mahindi ya wananchi, haina maringo, na ukiigonga inalia vizuri.

Mjumbe mmoja, Bi Zamda, mkulima wa Mkumbara, akanyoosha mkono. "Mbona hatumwulizi fundi?"

"Fundi si mjumbe," alijibu Ndugu Yordani.

Kura zikapigwa, nane kwa moja. Ya lori ikapita.

Kesho yake Mbaruku aliilaza chini ya gari, akaijaribu. Ilikuwa pana kuliko nyumba ya klachi, na matundu yake yalikuwa manane wakati shafti ya injini ina sita. Akaigeuza, akaijaribu tena, kwa heshima ya kamati. Kisha akaiweka pembeni, chini ya mwembe wa gereji, akaifunga flaiwili ya zamani kwenye baiskeli, akaenda karakana ya mkonge. Huko aliikereza kwa mashine, kidogo kidogo, mpaka mistari ikafutika na uso ukang'aa. Pleti aliivisha ngozi mpya kutoka kwa Amirali, akaipiga ribiti moja moja. Alifanya kazi hiyo siku mbili, na hakumbuki kama alikula.

Jumamosi walilijaribu gari, Ndugu Yordani kwenye usukani, Mbaruku kando yake. Liliondoka laini kama linateleza kwenye mafuta. Walipofika Segera, ofisa alikuwa anacheka peke yake.

"Unaona, fundi? Hii ndiyo nguvu ya uamuzi wa pamoja!"

Mbaruku angeweza kunyamaza. Watu wengi walikuwa wananyamaza na kuendelea vizuri. Lakini kazi ya mikono yake ilikuwa inasifiwa kwa jina la chuma kilicholala chini ya mwembe wa gereji.

"Ndugu Ofisa, ile ya lori haikuingia. Hii ni ya zamani. Nimeikereza."

Ndugu Yordani aliegesha gari mbele ya wauza machungwa, akazima injini. "Kwenye taarifa tutaandika imeingia," alisema. "Wewe utatia sahihi."

Taarifa ilikuja na kurasa sita. Mbaruku aliisoma yote, midomo ikicheza, kisha chini ya sahihi yake akaandika kwa herufi kubwa: YA LORI HAIKUINGIA. ILIYOMO NI YA ZAMANI. Akaikabidhi, akangoja kuitwa.

Hakuitwa. Taarifa ilipanda mpaka Tanga, na hakuna aliyefika ukurasa wa sita. Barua ya pongezi ilirudi, pamoja na agizo kwamba magari yote madogo ya ofisi zote yafungwe flaiwili za lori. Ndugu Yordani akapandishwa cheo.

Kwa mwaka mzima mafundi wa Handeni na Korogwe walimjia Mbaruku, mmoja mmoja, kumwuliza kwa sauti ya chini agizo linatekelezwaje. Aliwapokea, akawapa chai, akawafundisha kukereza.