Mtani Wangu wa Bigwa

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Hata dawa ya meno nikinunua, nasoma tarehe ya mwisho mara mbili. Kwa hiyo niliponunua boma kule Bigwa, chini kabisa ya milima, kuta tupu bila paa wala mlango, nilikuwa nimeshauliza kila mtu wa kuulizwa, na bado usingizi ulinikimbia.

Sehemu kubwa ya pesa ilikuwa kiinua mgongo cha mama yangu, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Kilichopungua nilikopa kwa dhamana ya mshahara wangu wa maabara, na makato yakaanza kabla sijanunua hata bati moja. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Nipaue, nimalize chumba kimoja, mpangaji atoe kodi ya miezi sita mbele, kodi hiyo inunue milango na saruji ya vyumba vingine vitatu. Mama, aliyekuwa Dar, alinijibu kwenye simu kwa neno moja tu, "Jenga." Laiti angebisha kidogo, ningepumua. Kiwanja kikileta matatizo, jasho lake la miaka yote limekwenda, na mimi ndiye niliyelipeleka.

Siku ya kupiga bati alikuja mama mmoja jirani, mtu mzima, ana ungo wa ndizi kichwani. Anakaa ng'ambo ya barabara. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi.

"Mnyamwezi, mama, ila nimezaliwa na kukulia Dar."

Akautua ungo, akapiga makofi. "Mnyamwezi! Ndiyo maana huna haya. Unajenga kwenye shamba la bibi yangu, nani kakuruhusu? Haya, maliza upesi. Chumba cha mbele changu. Nahamia Jumamosi."

Fundi juu ya paa aliangua kicheko. Niliona ananicheka kwa kutapeliwa. Nilikuwa nimeshasikia kwamba kwa Waluguru, wenyeji wa hapo, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na aliyeniuzia alikuwa mwanamume. Je, kama aliuza cha dada zake? Wiki hiyo nilizisoma karatasi za mauziano kila usiku. Mama alipopiga simu kuuliza ujenzi, nilimwambia unaendelea vizuri, nikakata haraka.

Jumamosi akaja kweli, na mkeka kwapani na sufuria mkononi. Mimi nilikuwa nawaonyesha chumba mume na mke, wote walimu, wapangaji wangu wa kwanza. Yule mama akaingia bila hodi, akatandika mkeka katikati ya chumba. "Karibuni, wageni," akawaambia. "Mwenye shamba ni mimi. Huyu mtumwa wangu tu, ananifagilia."

Walimu wakacheka. Wakacheka, wakauliza maji yanatoka siku gani, wakalipa. Sikuelewa watu gani hawa wanaolipa kodi kwenye nyumba yenye kesi. Nilichukua karatasi zangu zote za mauziano, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Kabila lako ulimtajia?"

"Ndiyo, nilimtajia."

"Basi umejitakia mwenyewe. Mluguru na Mnyamwezi watani tangu enzi za mababu. Huyo mama shamba la bibi yake liko Mkuyuni."

Nilijua utani upo, kama ninavyojua Kigoma ipo. Sikujua kwamba ungenikuta Bigwa nikiwa na mkopo. Nilipomsimulia mama yangu kwenye simu, alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mpe simu huyo Mluguru." Wakatukanana hadi salio likaisha, nami nikabaki nimesimama na ungo wa ndizi wa mtani mikononi kama mtumwa kweli.

Baada ya hapo mambo yalikaa sawa. Vyumba vilijaa kimoja baada ya kingine. Palikuwa na ugomvi wa umeme, maana mita moja na wapangaji wanne, na kila mmoja anaapa pasi si yake. Palikuwa na choo kuziba. Lakini niliipenda kazi ile. Nilipenda kufika asubuhi, ukungu bado uko milimani, nikaona mapazia ya watu kwenye madirisha niliyoyanunua mimi. Mtani wangu alikuwa akiwafokea wapangaji wafagie uwanja wa bibi yake. Nami nikajifunza kumjibu. Nilimwambia Waluguru wanapanda milima kwa kuogopa kazi ya bondeni, akanipa alama ndogo sana za utani.

Kisha akaja mpwa wa yule aliyeniuzia. Huyu hakutania. Alisema mjomba wake hakuwa na haki ya kuuza mali ya ukoo bila watoto wa dada zake kujua, na anataka kiwanja kirudi. Tukaitwa ofisi ya mtaa. Mama alisafiri kutoka Dar, akakaa kando yangu na mkoba wake mapajani. Aliyeniuzia alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa na karatasi tu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna jirani mwenye neno. Mtani wangu akasimama. Nilimwomba Mungu asitanie.

"Ukoo wenu ulikaa kikao," alisema, akimtazama yule mpwa. "Nilipika mimi siku hiyo. Mama yako alisimama akakubali kiwanja kiuzwe, mjomba wako atibiwe. Na wewe ulikuwepo, uliongezewa wali."

Yule mpwa akasema huyu mama mwenyewe mtaa mzima umemsikia akidai shamba ni la bibi yake, leo ataaminiwaje?

"Ndiyo, nimesema, na kesho nitasema," akajibu. "Mtani unamtania kwa kilicho chake. Lingekuwa la bibi yangu kweli, mwanangu, ningecheka naye? Ningekuja na panga."

Mwenyekiti akamuuliza yule mpwa kama alikuwepo au hakuwepo. Akakiri kwamba alikuwepo. Mama alinishika mkono, na mimi, mtu mzima mwenye wapangaji, nikaangua kilio mbele ya kila mtu.

"Mnaona?" mtani wangu akawaambia watu, na yeye akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mnyamwezi akipewa ardhi, analia. Hajawahi kuwa nayo."