Nani Aliuita Uwanja Wetu Frigo?

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, niliposhuka kwenye lori pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, mguu mmoja una kiatu, mwingine una kandambili. Nilikuwa nimetoka Uvira, nikavuka ziwa hadi Kigoma, nikashona viraka vya watu njiani mpaka Mbeya, kisha nikaingia Malawi kwa upande wa Karonga. Safari hiyo ilinilia karibu mwaka mzima. Upepo wa Dowa, wilaya ya kambi hiyo, ulinipokea kwa makofi. Baba mdogo wangu, Mzee Elia, aliyetokea Fizi na kuwa kambini tangu miaka ya mwanzo, alivua koti lake akanivika.

"Karibu," akasema. "Huku jua iko, ila haifanyi kazi."

Mimi sikuwa mtu wa kutulia. Wiki hii nilikuwa Mponela nikiuza suruali kando ya barabara, wiki ijayo nilikuwa Kawale, kule Lilongwe, nikishona kwenye kibaraza cha watu. Lakini Jumamosi hainikuti nje ya kambi. Jumamosi ilikuwa ya mpira.

Tulikuwa na vyuo viwili vidogo. Kimoja kilifundisha kushona na useremala. Huko nilisoma mimi, na wengi tulikuwa watoto wa Uvira na Fizi. Kingine kilifundisha kompyuta, na kilijaa vijana wa Bukavu. Vyuo viwili, timu mbili, uwanja mmoja wa vumbi jekundu. Uwanja huo watu waliuita Frigo, yaani jokofu. Jina kila mtu alilijua. Nani alilitoa, hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Sasa, mwanangu, nilikuwa nampenda binti mmoja wa Bukavu, jina lake Neema. Kaka yake, Pacifique, ndiye aliyeongoza mashabiki wa kompyuta. Tulikuwa tumepanga kwamba Jumapili moja Mzee Elia anipeleke kwa baba yake Neema, nitambulishwe. Kwetu bila utambulisho hakuna mazungumzo ya mahari, na bila mahari hakuna harusi. Jumapili hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri kuliko kitu chochote.

Jumamosi ya kabla yake timu zilitoka sare. Mechi ya sare ni mbaya, kwa sababu huwaachia mashabiki kazi ya kumaliza kwa mdomo.

"Frigo njo sisi tuliiita!" Pacifique alipaza sauti. "Bukavu tumezoea baridi. Nyinyi ba Uvira, batoto ba jua ya ziwa, mulifika hapa meno ikaanza kupiga ngoma!"

"Wongo!" akajibu seremala mmoja wa kwetu. "Ni juu ya golikipa wenu! Anagandaka mu goli kama samaki!"

Watu wakacheka pande zote mbili. Ningeacha hapo, ingekuwa Jumamosi njema. Lakini wahenga walisema ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo haukuwa hata na kamba. Nikapanda juu ya benchi.

"Mi nitawaambia kweli! Siku bantu ba Bukavu balifika, balilala hapa bakilia kama kuku ya mvua. Ba Fizi bakabacheka, bakasema, angalia nyama iko mu frigo!"

Hadithi hiyo sikupewa na mtu. Niliitunga palepale juu ya benchi. Upande wetu ukalipuka kwa vicheko, kisha mmoja akanivuta suruali. Nikageuka. Papa Neema alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika baiskeli yake. Alinitazama kama fundi anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akaondoka akiisukuma.

Jioni Pacifique akaja mlangoni. Hakuniita tena shemeji. "Papa anasema kesho musikuje nyumbani. Mukuje Frigo, saa kumi na moja ya jioni. Bila makoti."

Neema nilimkuta bombani akiteka maji. Alisema neno moja tu: "Umefunga mlango na mdomo yako. Uende ukaifungue nayo."

Kesho yake nilidhani baba mdogo atakataa. Alitundika koti lake kwenye msumari, akatangulia.

Papa Neema alikuwa ameketi chini, katikati ya uwanja, pamoja na jamaa zake. Hapakuwa na kiti wala mkeka. Tukaketi. Alingoja mpaka jua likazama na upepo ukapita kati yetu, na meno yangu, meno ya mtoto wa ziwa, yakaanza kupiga ile ngoma.

Hapo akafungua kinywa. "Malori yalitushusha hapa. Nyumba hakuna, hema hakuna. Neema alikuwa mtoto, ana homa. Mtu mmoja wa Fizi alikuwa na blanketi moja na batoto babili. Akamulaza wangu katikati ya bake. Yeye na mi tukakaa inje ya blanketi, mugongo kwa mugongo, mupaka asubui. Yeye njo alisema, 'Papa, hii ni frigo.' Tukacheka, juu ni kucheka ao kufa. Asubui bantu ba kijiji bakatuletea mabua ya kuwasha moto, na nsima, ugali yabo. Neno la kwanza tulijifunza mu Malawi ni zikomo, asante."

"Huyo mtu iko wapi?" nikauliza.

Akaelekeza kidevu kando yangu. "Uliza mwenye ulikuja naye."

Mzee Elia alikuwa akitazama viganja vyake.

"Baba mdogo, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila Jumamosi ulirudi ukinieleza wewe."

Mwanangu, nimewahi kupigwa, nimewahi kufukuzwa, lakini sijawahi kuguswa kama nilivyoguswa na maneno hayo.

Kwa desturi, bwana harusi hasemi, wazee humsemea. Papa Neema akaigeuza. "Nimekataa mudomo yako, kijana. We sijakukataa. Leo anza we mwenyewe."

Nikasimama. Sikuanza na Neema. Nilimgeukia Pacifique na wenzake, nikasema hadithi ya kuku niliitunga, wanisamehe.

Pacifique akakuna kichwa. "Shemeji, hata ile ya meno niliitunga."

Wazee wakaanguka kwa kicheko. Mama Neema akatoka nyuma na blanketi zito, akawafunika magoti wale wazee wawili kwa pamoja. Ndipo Mzee Elia akakohoa, akaanza kunisemea.

Miaka ikapita. Siku tuliyoondoka Dzaleka kabisa, mimi, Neema na binti yetu, basi la kwenda uwanja wa ndege Lilongwe lilisimama kando ya Frigo. Vijana wa jezi mbili walikuwa wakibishana, na ubishi niliutambua kwa mbali. Binti yangu akauliza, "Papa, kwa nini banaiita Frigo?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikafungua dirisha. Nje walisimama Mzee Elia na Papa Neema, waliokuja kutuaga, bega kwa bega.

"Uliza babu zako," nikamwambia.

Wakaanza kumsimulia, huyu akimkatiza yule. Basi likaondoka kabla hawajafika kwenye blanketi, nao wakatembea kando yake wakisimulia, mpaka likawashinda mbio. Sehemu iliyobaki nilimalizia mimi, na Neema akanisahihisha mara mbili.

Basi shika hili, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Shabikia timu yako, taniana na jirani yako mpaka mbavu ziume, lakini jina la mahali usilitungie hadithi kabla hujaketi na aliyelala pale. Na mtu uliyezoea kumcheka, mchunguze vizuri. Huenda mgongo wake ndio uliompa joto baba yako.

Mungu akupe blanketi, mwanangu, na akupe mtu wa kumfunika nalo. Na siku utakayolala nje, usikose mgongo wa kuegemea mpaka asubuhi.