Godoro la Sufi na Ndege za Ghuba

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Houston, mwanangu, nikiwa bado kijana wa kupanda ngazi mbio bila kushika ukuta, nilipofika kwa Bi Rukia kule mtaa wa Gulfton simu ikiwa mkononi, nikitabasamu kama mtu aliyepata mtoto. Nilichokuwa nacho ni habari ya ndege. Shirika moja la Ghuba, kule Uarabuni, lilikuwa limetia saini kununua ndege kubwa kubwa, nyingi hata ukitajiwa idadi yake unadhani umesikia vibaya. Nami nilifurahi kana kwamba moja itaegeshwa chini ya dirisha langu.

Cheka tu, una haki. Lakini ujue kwanza tulikotoka. Sisi watu wa Mombasa tulioingia Texas zamani tulikuwa tukienda kwetu kwa mateso. Unashuka Ulaya, unasinzia kitini, unabadilisha ndege, unabadilisha tena, na mzigo wako unafika nyuma yako au haufiki kabisa. Ndege za Ghuba zilipoanza kutua hapa, tulipumua. Unapanda Houston, unakula chakula cha halali, unabadilisha mara moja kule kwao, ukishuka Nairobi ni kama umeshafika. Ikawa kila wakiongeza ndege, sisi vijana wa pwani tunashangilia kama wenzetu wanavyoshangilia goli.

Mimi nilikuwa na sababu yangu zaidi. Nilifanya kazi katika jiko linalofunga chakula cha abiria, karibu na uwanja wa ndege. Trei zile zilipita mikononi mwangu kabla hazijaiona anga. Nikazoea kusema "ndege zetu", wala hakuna aliyenikataza.

Mama yangu alikuwa Kibokoni, Mombasa, mjane, akiishi na binti wa jirani aliyemsaidia kazi. Kila tukizungumza kwa simu aliniuliza, "Badi, waja lini?" Nami nikamjibu, "Mwezi ujao, mama, inshallah. Ndege ziko tele siku hizi." Sikuwa namdanganya, mwanangu. Niliamini ninayosema. Lakini mwezi ukifika, shirika limeongeza safari, jikoni trei zimezidi, na mkuu wa zamu anatuomba tusiende likizo. Tena alikuwa ameniahidi kunipandisha cheo nikivumilia mpaka msimu wa watu wengi upite. Kwa hiyo ndege zile zile zilizofupisha njia ya kwetu ndizo zilizonifunga Houston, na mimi sikuliona hilo hata kidogo.

Basi, Bi Rukia. Alikuwa mama wa Mombasa aliyefiwa na mume hapa hapa Houston, akawalea wanawe kwa kazi ya kutunza wagonjwa majumbani mwao. Jumamosi alikuwa akichoma mahamri, na yeyote wa pwani aliyekuwa peke yake aliujua mlango wake. Asidhani mtu ni bibi wa kubembeleza. Ukila mahamri ya Bi Rukia, umekula na maneno yake.

"Bi Rukia, wame-order tena!" nilisema hata sijavua viatu. "Wide-body zote, zile pana! Hawa jamaa wata-take over dunia."

"Kwenu hamna salamu?" akasema, hajageuka.

Nikamwamkia, nikaketi, nikamsomea habari yote toka mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza huku akigeuza mahamri kwenye mafuta. Kisha akaniuliza, "Na hizo ndege zaja lini?"

"Si sasa. Ndiyo kwanza zitaundwa. Kiwandani kuna foleni, watangoja miaka."

"Wao, na mali yote ile, wangoja?"

"Lazima wangoje. Ndiyo maana wana-order mapema."

Akaepua, akazima jiko, akaja kuketi mbele yangu. Unga ulikuwa bado umejaa bakulini, na Bi Rukia si mtu wa kuacha unga umeumuka bila sababu. Nikajua pana neno.

"Dadangu wa Kibokoni kanipigia jana," akasema. "Asema mamako kaanika godoro tena."

Hapo nikuambie jambo, maana nyinyi mliozaliwa kwenye magodoro ya spring hamlijui. Kwetu, mgeni wa mbali akitarajiwa, godoro la sufi hutolewa nje likapigwa jua. Sufi, ile pamba ya mti wa msufi, ikikaa bila kulaliwa hushikamana, na jua huifumua ikawa laini na yenye harufu nzuri. Godoro likionekana barazani, mtaa mzima unajua kuna mtu anakuja. Na mama yangu, kila nilipomwambia mwezi ujao, alilitoa godoro langu. Majirani wakamwuliza, "Badi yuaja?" Akawajibu, "Yuaja." Jioni akaliingiza ndani. Mwezi ule ukapita, akalitoa tena. Mwishowe watu waliacha kumwuliza, maana kuuliza kulikuwa kama kumsuta.

Mimi sikuyajua hayo. Mama hakuwahi kunitajia godoro.

"Sikiza bado," Bi Rukia akaendelea. "Juzi jua limekuchwa, dadangu akamwona akiliingiza godoro kwa kupapasa ukuta. Kamfuata, kamwuliza. Macho yaenda, Badi. Daktari amemwambia hayatarudi. Amebakisha ya kumwonea mtu akiwa karibu, tena kwenye mwanga."

Nikasema mama aliniambia macho yanamsumbua kidogo tu.

"Na wewe ulitaka akwambie nini? Akulilie kwa simu uache kazi?"

Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini ujana ni ukaidi. Bado nilitafuta pa kutokea. Nikamwambia nitaenda msimu ukiisha, ndege zipo kila siku, nikiondoka sasa ile post atapewa mwingine.

"Apewe," akasema.

Akayafuta mafuta vidoleni kwa ncha ya leso yake.

"Hao wenye ndege wamejua kuna kitu hakipatikani siku ukikitaka, ndipo wakaenda mapema kupanga foleni. Habari zao wazisoma kila kukicha, na hilo hukulisoma. Ndege huagizwa, Badi. Ikichakaa wataiuza, wataagiza nyingine. Mama haagizwi. Macho yake yakishazima, utakwenda kiwanda gani?"

Sikumaliza mahamri yangu. Nilikata tikiti mle mle sebuleni kwake, yeye akinisimamia kama askari, akaniambia hataki kusikia neno inshallah mpaka aione imelipwa. Ndipo nikampigia mama. Mkuu wa zamu alikasirika, na cheo kweli alipewa mwenzangu. Sikusikitika sana, ingawa nisiseme sikusikitika kabisa.

Ndani ya ndege waliniletea trei, nikaikuta leso ya karatasi imekunjwa vile tunavyoikunja sisi. Nikakijua chakula chote kabla sijafunua. Miaka yote ile nilikuwa nawafungia watu wengine chakula cha kwenda kuwaona mama zao. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokula mwenyewe, na nilikula huku machozi yananitoka, jirani yangu kitini akadhani pilipili imenizidi.

Nilifika Kibokoni asubuhi. Godoro lilikuwa barazani, limeshaanikwa, na mama ameketi kando yake. Alinijua kwa hatua. Nilitaka kumwingiza ndani, akakataa. Akanishika mkono, akaniketisha pale jua linapopiga, akanishika kidevu akasogeza uso wake karibu kabisa na wangu.

"Mama, nisamehe, nili..."

"Nyamaza," akasema. "Usinisemeshe. Nakutazama."

Akanitazama paji la uso, nyusi, masikio, akayapitia mashavu taratibu kama mtu anayechagua mchele. Akasema ndevu zangu ni za marehemu baba, na kwamba nimekonda. Chai ilipoa, watu walipita wakasalimu, hakuwajibu. Majirani wakasimama kwa mbali, na yule dada yake Bi Rukia alikuwa analia waziwazi bila kujificha. Usiku ule nililala juu ya godoro lenye harufu ya jua, nikalala usingizi ambao Houston sijaupata mpaka leo.

Haukupita muda mrefu baada ya mimi kurudi huku, mwanga ukaondoka kabisa. Mama aliishi miaka mingine mingi gizani, na kila nilipoweza nilikwenda. Mvi zikaniota, tumbo likaja, akawa ananishika kichwa na kucheka. Alipenda kuniambia, "Kwangu mimi hujazeeka, Badi. Nakuona vile vile ulivyokuwa barazani. Ungalichelewa, ningalibaki na yule mvulana aliyeondoka hajaota ndevu."

Sasa nakwambia wewe. Juzi kijana mmoja anayesomea uuguzi kule Fort Worth alinionyesha simu yake, macho yanameta. Mashirika ya Ghuba yameagiza tena, idadi kubwa kuliko ile ya ujana wangu. Nikamwuliza mamake yuko wapi. Yuko Voi. Utaenda lini? "Soon, uncle. Flights ni mob, ziko tele siku hizi." Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, ikanichoma.

Najua wapo ambao njia imefungwa kwao: makaratasi hayajatoka, au nyumbani hakurudiki. Hao Mungu awafungulie, na kabla hajawafungulia wasichoke kupiga simu. Nasema na wewe ambaye pasipoti iko kabatini na likizo unayo. Wingi wa njia humfanya mtu aone safari inaweza kungoja. Ndege zikiwa chache ulikuwa unaikamia siku moja na kuitimiza; zikiwa nyingi kila siku inafaa, basi hakuna siku inayofika. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hawakusema tumbo linaloumia ni la nani. Mara nyingi ni la yule aliyeanika godoro. Kwa hiyo usimwambie mamako "mwezi ujao" kabla hujakata tikiti. Ukishakata, ndipo umpigie.

Mola akupe riziki isiyokufunga miguu. Akujaalie ufike mchana, jua likiwa limewaka, na umkute barazani. Na ukifika, mwanangu, maneno yako yaweke. Keti kwenye mwanga, mwache akutazame.