Zulia la Mwenyekiti

Wenzake walimwita Nyundo, na jina hilo halikutokana na kazi ya ufundi bomba anayoifanya sasa. Lilitokana na mkono wake. Katika mpira wa magongo wapo wanaousukuma mpira na wapo wanaoupiga. Yeye aliupiga, na makipa wakajikunja kabla haujawafikia. Alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuuelewa mchezo wa kuinama mchana kutwa kama mtu anayetafuta sindano.

Alianza shuleni kwa tawi lililopinda, akaitwa timu ya taifa kabla hajamaliza masomo, akacheza katika nchi ambazo shangazi alishindwa kuyatamka majina yake. Huko aliona viwanja vya nyasi bandia, mpira ukiteleza kama tone la mafuta kikaangoni. Nyumbani walicheza juu ya kokoto. Kisha wafadhili wakaleta zulia la kijani, likatandazwa, likachorwa mistari. Siku ya kwanza wasichana walivua viatu wakatembea tu juu yake. Hata kupiga mpira walisahau.

Hawakulifaidi. Baada ya misimu michache mwenyekiti wa chama cha magongo alitangaza kwamba zulia limeng'olewa kwenda kufanyiwa matengenezo. Kila walipouliza waliambiwa subira yavuta heri. Wakarudi kwenye kokoto, na huko mpira ukagonga jiwe, ukaruka, ukamvunja Nyundo taya. Akiwa angali anakula kwa mrija, timu ikaondolewa kwenye mashindano ya kufuzu kwa sababu nchi haikuwa na uwanja unaokubalika. Alipopona hapakuwa na timu ya kurudia. Akaolewa na fundi bomba, akaanza kumshikia spana, mwishowe akamzidi kwa wateja.

Basi asubuhi moja mama mmoja akampigia simu: pampu ya bwawa la kuogelea imekwama. Nyundo akafika, akazunguka nyuma ya nyumba na begi lake, akapiga magoti na kuifungua pampu. Alipoinua kichwa kutafuta kitambaa, ndipo alipoona alichokuwa amekipigia magoti. Bwawa lote lilizungukwa na nyasi bandia, na kati ya viti vya kujinyoosha ulipita mstari mweupe uliopinda, ukapotelea chini ya mwavuli. Ulikuwa mpaka wa eneo la kufungia. Bao likipigwa kutoka nje yake halihesabiwi. Ujana wake wote aliumaliza akipigania kuuvuka mstari ule.

Mwenyekiti akatoka ndani, kandambili miguuni, kikombe mkononi. Hakumtambua.

"Itachukua muda, fundi?"

"Hili zulia umelitoa wapi?"

Alimtazama vizuri sasa, akaliona taya lililokaa upande. "Aa, binti yangu. Lilikuwa limeshachakaa lile. Lingeozea stoo bure."

"Mimi si binti yako. Na aliyechakaa ni mimi."

Mwenyekiti akacheka kidogo, akasema hayo ya zamani yameshapita, amalize pampu kwanza, kisha wakae wanywe chai wayazungumze. Hiyo chai ndiyo iliyomchoma. Aliiacha pampu vipande vipande, akachukua begi, akatoka.

Kipa wao wa zamani alikuwa dereva wa lori la mchanga. Mchana huohuo lori likasimama getini, limejaa wanawake wa ile timu, waliokwisha kunenepa, wakiwa na visu na kamba. Mlinzi akauliza wametumwa na nani. Mke wa mwenyekiti akaja, akasikiliza, kisha akamgeukia mumewe.

"Si uliniambia umelinunua?"

Mke akamwamuru mlinzi afungue geti. Wachukue, alisema, kwanza jua likiwaka linamuunguza nyayo. Mwenyekiti akatishia kuita polisi. Kipa akamnyooshea simu yake mwenyewe.

"Piga. Waeleze tumeiba nini, na wewe ulikipata wapi."

Akaishika ile simu, akaitazama, akairudisha.

Walikata na kukunja hadi jioni, mikono ikichubuka, hakuna aliyeimba. Zulia lilinuka dawa ya maji, kingo zake zimekatwakatwa lifuate umbo la bwawa. Sehemu nyingine zilikuwa zimekwenda kwa marafiki wa mwenyekiti, na hakuna aliyetaja ni akina nani. Kilichobaki walikitandaza nyuma ya shule ya msingi, kikatosha eneo moja tu la kufungia. Chama kikafanya mkutano, kikamsafisha mwenyekiti, akabaki kitini.

Watu walimpongeza Nyundo, wakadhani roho yake imetulia. Shangazi naye alimsihi ayaache, hasira hasara.

"Hasara nilishaipata, shangazi," alijibu. "Sasa niachieni hasira yangu."

Na hakumwachia mtu. Hadi leo mwenyekiti akiingia mahali, Nyundo hatoki. Humkazia macho, hadi yule mzee atafute mlango.