Telésfora wa Sabana Honda

Mtoto alizaliwa tarehe tano Januari alasiri, wakati watoto wa Sabana Honda wapo nje wanakata majani ya kuwawekea ngamia wa Wafalme Watatu, wanaoleta zawadi usiku huo, chini ya vitanda. Angevumilia tumboni mpaka kesho yake angeitwa Reyes, yaani Wafalme, jina la heshima, lisilomchekesha mtu. Hakuvumilia. Na katika nyumba ya Anselmo Mañón hakuna mtu aliyechagua jina la mtoto. Jina lilitoka kwenye kalenda ya watakatifu iliyotundikwa nyuma ya mlango wa jiko. Ndivyo kaka zake wawili walivyopata majina yao, Policarpio na Nicomedes, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Anselmo alifungua mlango, akasoma, akarudi chumbani akitabasamu.

"Mtakatifu Telesforo. Papa wa zamani sana."

"Huyu ni wa kike, Anselmo," mkewe Digna akasema kutoka kitandani.

"Tutampa 'a' mwishoni. Telésfora."

Digna alikuwa ameshachagua Mirta, jina la mwigizaji mmoja wa redioni aliyekuwa akilia vizuri kuliko wote. Akalitaja.

"Mirta ni mtakatifu wa siku gani?"

"Si wa siku yoyote. Ni jina zuri tu."

"Uzuri haumwombei mtu mbinguni," Anselmo akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Digna akalia kidogo, kisha akamnyonyesha mtoto.

Taabu ilianza shuleni. Siku hizo mji mzima ulikuwa na simu moja tu, kwenye duka la dawa, na watoto walikuwa wakienda kuichungulia dirishani kama watu wanaochungulia maiti. Siku ya kwanza mwalimu aliposoma jina la Telésfora, kijana mmoja wa nyuma akasikia "telefoni", akaweka ngumi sikioni.

"Alo? Alo! Naomba mji mkuu!"

Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo ikawa hivyo asubuhi, mchana, njiani na kisimani. Akipita, mtu anaita "krrring!" Akinyamaza, wanasema laini imekatika. Akijibu, wanasema ongea polepole, hatusikii. Mara nyingi alirudi nyumbani gauni limechanika kwapani, maana alikuwa mwepesi wa kupigana, na mama yake akishona alikuwa akimtazama Anselmo kwa jicho la pembeni.

Shangazi yake alikuwa na mazoea ya kumwita Yuya, neno lisilo na maana yoyote. Msichana alipofika umri wa kuvaa viatu vya wasichana wakubwa, akawatangazia watu wa nyumbani kwamba Telésfora amekufa na amezikwa, na atakayemfufua asimlaumu mtu. Katika nchi yetu jina la utani hulimeza jina la ubatizo kwa urahisi, na haukupita muda mrefu mji ukasahau. Waliobaki wakilijua ni wazazi, kaka zake, na padri.

Yuya akakua, akawa mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, na akapata kazi kwenye mashamba ya machungwa. Wanaume walipandisha machungwa kwenye lori kwa magunia. Yeye aliona magunia yanamchelewesha. Alisimama chini, akaokota, akazungusha mkono kando ya paja na kurusha, chungwa baada ya chungwa, mpaka lori likajaa, na halikupasuka hata moja. Siku moja Doña Ofelina, mjane mwenye tanuri la mikate na mwalimu wa timu ya softboli ya wanawake, alikuja kununua machungwa, akasimama akimtazama mpaka akasahau kilichomleta.

"Wewe binti, huo mkono ni wako au umeazima?"

"Ni wangu, Doña."

"Basi kesho ulete uwanjani. Na mwili wake uje nao."

Timu iliitwa Kanga, kama yule ndege, kwa sababu ya jezi zao za kijivu zenye madoa meupe, na kwa sababu ya kelele zao pia. Softboli ni mchezo ambao mrushaji huzungusha mkono na kuachia mpira kutoka chini, kwenye nyonga, na Yuya alikuwa ameufanyia mazoezi miaka mingi bila kujua. Katika mechi yake ya kwanza wapigaji wa upinzani walichapa hewa tu. Mdakaji wake, Ursulina, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, alimaliza siku ile mkono umevimba ndani ya glavu. "Shoga yangu," akasema, "ukiniua mwambie mume wangu asioe haraka."

Wakati huohuo Yuya alikuwa amepata mchumba. Confesor Lora alikuwa fundi wa kuziba matairi, na Jumamosi alipiga tambora, ile ngoma ya pande mbili inayoning'inizwa begani, katika bendi ya mjini. Kila Jumapili alikuwa akija na shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake, anakaa barazani na Yuya, na Digna anakaa katikati yao akikuna nazi. Mwaka ukapita hivyo. Confesor alijua Yuya anapenda ukoko wa wali na hapendi paka. Jina la ubatizo hakulijua, na hakujua kama lipo la kujua.

Mwaka ule Kanga wakafika fainali ya mkoa, dhidi ya timu ya wanawake wa kiwanda cha sukari cha Ingenio Viejo, waliokuwa hawajashindwa tangu watu wakumbuke. Siku chache kabla, Doña Ofelina aliwaambia wachezaji kwamba safari hii kutakuwa na kipaza sauti, na kila mmoja ataitwa kwa jina lake kamili.

Yuya akamfuata mpaka kwenye tanuri.

"Doña, mimi waseme Yuya tu."

"Kanuni ni jina la ubatizo. Kwani umeua mtu kwa hilo jina?"

"Bora ningeua."

Doña Ofelina akamtajisha. Yuya akalitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Yule mama akashika kiuno, akafikiri, akasema, "Mwanangu, mimi nimezika mume na wanangu wawili. Jina haliumi. Nenda kalale."

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Watu wa kiwanda walikuja kwa malori, wana mabaragumu ya pembe na masufuria. Watu wa Sabana Honda walikuja kwa miguu, na Confesor alikuja na tambora yake. Mtangazaji alikuwa bwana mmoja mwenye sauti ya asali, aliyezoea kutangaza vifo na minada ya ng'ombe. Aliwaita wachezaji mmoja mmoja, na kila mmoja akakimbia uwanjani akipungia watu mkono. Kisha akavuta pumzi.

"Na mrushaji wa Kanga... Telééésfora Mañón!"

Watu wa Sabana Honda wakatazamana. Nani? Wamemnunua wapi? Ndipo Yuya akatoka, kichwa kimeinama, anatembea kama anayepelekwa mahakamani. Confesor akabaki mdomo wazi, na Nicomedes, kaka yake Yuya aliyeketi karibu naye, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Upande wa kiwanda mwanamke mmoja akasimama, akaweka ngumi sikioni.

"Alo? Alo! Telefoni!"

Loo! Upande ule mzima ukaweka ngumi masikioni. "Krrring! Krrring! Mpokee, analia! Laini imeharibika!" Mzaha uleule, miaka yote hii, umemngoja hapo uwanjani.

Yuya akarusha, mpira ukaenda juu. Akarusha, ukaenda kando. Mpigaji akapewa kituo cha kwanza bure, wa pili naye bure, wa tatu naye bure. Vituo vyote vikajaa, bado hakuna aliyetolewa, na kelele za simu zinapasua masikio. Ursulina akavua barakoa, akamfuata katikati ya uwanja.

"Unalia?"

"Ni jasho."

"Jasho la machoni. Haya. Unajua mimi nani? Ursulina Concepción del Purgatorio. Bibi yangu alisema ni kwa ajili ya roho za toharani. Nimetembea na toharani miaka yote hii, na mume nimepata, na watoto nimepata."

Yuya akacheka bila kutaka, kamasi zikamtoka.

Kule jukwaani Confesor alikuwa amemgeukia Nicomedes. "Mwaka mzima! Mwaka mzima namposa mtu nisiyemjua jina!"

"Usimwache kwa ajili hiyo, shemeji."

"Nimwache nina wazimu? Lisikilize hilo jina." Akalisema polepole, akilionja. "Te-LÉS-fora. Te-LÉS-fora. Bwana wee, hilo si jina, hilo ni pigo!" Na akashika fimbo, akaligonga kwenye ngoma: moja nyepesi, moja nzito, mbili za kufukuzana.

Te-LÉS-fora. Te-LÉS-fora.

Mtu wa pembeni akapiga makofi kwa pigo hilo. Wengine wakakanyaga mbao. Muda si muda upande mzima wa Sabana Honda ulikuwa ukiliimba, watu ambao dakika chache nyuma hawakujua kama jina hilo lipo, wazee, wauza ndizi za kukaanga, padri pia akiwa amekunja mikono ya kanzu yake. Jina ambalo halikuwahi kutamkwa ila kwa kejeli sasa lilikuwa likitingisha mabati ya paa. Digna alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga kelele kuliko wote, na Anselmo chini yake anamshikia gauni asianguke.

Yuya aliposikia lile pigo alilitambua. Alikuwa akilicheza siku zote kwa mkono wake bila kujua ni lake. Alivuta mguu, mkono ukazunguka na ngoma: te, akajikunja, LÉS, akaachia. Mpira ukagota kwenye glavu ya Ursulina kama mlango uliofungwa na upepo.

"Nje!" mwamuzi akaita alipomaliza na wa kwanza. "Nje!" kwa wa pili. Wa tatu alikuwa nyota wa kiwanda, mwanamke aliyekuwa akivunja magongo. Alichapa hewa mara tatu, mara ya mwisho akazunguka mpaka akakaa chini.

Kanga walishinda kwa mkimbio mmoja tu. Mechi ilipokwisha, bibi mmoja wa Sabana Honda akasimama ukutani, akawaelekea wa kiwanda na ngumi sikioni: "Alo? Mnatafuta kombe? Pole, limehama huku!" Wakiwa wanapakia masufuria kwenye malori, yule nyota wao alimfuata Yuya, akamvuta kando.

"Mimi naitwa Eduvigis," akanong'ona. "Usimwambie mtu."

"Mbona zuri?"

"Wewe una mtu wa kukupigia ngoma," akasema yule, na wote wawili wakacheka.

Confesor alimngoja mlangoni. "Telésfora Mañón, nitakuposa upya, maana ile ya kwanza nilimposa mwingine."

Walioana mwezi wa Aprili, na mwezi huohuo mtoto wa kwanza akapelekwa kanisani, mpwa wa Ursulina. "Jina?" padri akauliza. "Telésfora." Padri akatabasamu. Wiki iliyofuata wakaja wengine wawili. Kufika Krismasi hakutabasamu tena. "Jamani, watakatifu wamekwisha?" Lakini kila mzazi alitaka binti ambaye jina lake linachezeka. Walipata Telésfora Altagracia, Rosa Telésfora, na baba mmoja aliyependa majina mapya akachanganya la mkewe Yudelka na la mrushaji, mtoto akaitwa Yutelésfora, naye mpaka leo anajivunia kwamba hajakutana na mwenzake. Watu wa kiwanda waliona aibu mwaka mmoja, kisha nao wakaanza. Kufika wakati wa watoto hao kuanza shule, mwalimu akiita jina hilo safu yote ya mbele ilisimama, ikabidi waitwe kwa mitaa yao: wa Darajani, wa Kisimani, wa Nyuma ya Kanisa. Hakuna aliyekumbuka kuweka ngumi sikioni. Ungemcheka nani?

Telésfora mwenyewe alipojifungua binti, Digna alifika na ubani, na nguo za mtoto zilizotariziwa herufi T.

"Hapana, mama," akasema. "Wamejaa."

"Utamnyima mjukuu wangu jina la nyumbani?"

"Wewe si ndiye uliyelia nilipopewa?"

"Nilikuwa sijalisikia likiimbwa!" Digna akawaka. Akanuna wiki nzima. Mtoto aliitwa Ofelina, na mwenye jina akaleta mkate mrefu kuliko mtoto.

Sasa mtindo umepita. Wasichana wanaozaliwa leo wana majina ya wanamuziki na ya miji, na hilo ni sawa, kila wakati na nguo zake. Wale waliozaliwa mwaka wa kombe ni wanawake wazima. Mmoja daktari wa meno, mmoja dereva wa lori, wengine wamekwenda New York na kurudi Desemba na masanduku. Lakini tarehe tano Januari wote wanaoweza huja uani kwa Telésfora Mañón, na Confesor, ambaye meno yamempungua lakini si mikono, hutoa ngoma.

Mwaka huu walipika supu ya nyama saba kwenye sufuria la kuazima kanisani. Walibishana kuhusu chumvi, wakabishana kuhusu nani mkubwa, Yutelésfora akadai kiti cha heshima kwa sababu yeye ni wa pekee, wakampa ndoo iliyopinduliwa. Jua lilikuwa bado kali, watoto wanapita barabarani na mafungu ya majani ya ngamia. Katikati ya kula, mtu akapiga hodi langoni.

"Telésfora! Njoo unipokee, mzigo mzito!"

Wanawake kumi na kitu wakainuka kwa mpigo mmoja, vijiko mkononi, wakagongana, wakaanza kucheka hata wakashindwa kwenda. Mwenye nyumba hakusogea. Alinyoosha goti lake lenye maumivu juu ya kibao, akajisogezea kipande kikubwa cha muhogo, akaendelea kutafuna.